Krimu Inaingia kwa Mlango wa Muwasho

Naandika kwa vijana wenzangu, nyinyi tulio nao hapa Nakivale na nyinyi wa Kyangwali, Kakuma na Nyarugusu. Leo siandiki juu ya mgao wala juu ya safari za Marekani. Naandika juu ya ngozi. Najua wengine mtacheka, mtasema huyu amekosa cha kuandika. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mcheke.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alitokewa na alama shavuni. Ilikuwa ya mviringo, ukubwa wa kifuniko cha soda, inawasha, na kingo zake zimeinuka kidogo. Ana miaka kumi na tano, umri ambao mtu anajitazama kwenye kioo cha simu mara ishirini kwa siku. Akaanza kufunika shavu kwa kitambaa. Siku mbili akakataa kwenda shule. Mimi nachajia watu simu kwa sola, kwa hiyo nilikuwa na pesa kidogo mfukoni. Kituo cha afya nilikiona ni mbali, foleni ni ndefu, na nikajisemea kama wote tunavyojisemea: aah, ni ngozi tu. Nikaenda sokoni kwa mtu anayeuza mafuta na losheni, nikamweleza. Mgonjwa hakumwona. Alinyoosha tu mkono, akatoa tyubu ndogo, akasema, "Hii inamaliza kila kitu." Shilingi elfu nne.

Na kweli, siku tano muwasho ukaisha. Wiki mbili alama ikafifia, na shavu lile likawa jeupe kuliko lenzake. Mdogo wangu akafurahi, akaanza kupaka uso mzima ili rangi zilingane. Mama jirani akauliza ni mafuta gani hayo. Mimi nikajiona ndo daktari wa familia.

Mwezi wa tatu pesa ikakata, krimu ikaisha, naye akaacha kupaka. Hapo ndo mambo yakaanza. Usiku analia: "Yaya, inaniwaka." Vipele vikajaa mashavu yote mawili, ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na ile alama ya kwanza ikarudi. Safari hii ilikuwa imefika mpaka sikioni. Tukampeleka kwa musawo. Mama yule hakuuliza mengi. Aliomba tyubu, akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akauliza, "Nani alinunua hii?"

Nikanyamaza kidogo. Halafu nikasema, "Ni miye."

Alama ile ilikuwa choa, yaani fangasi wa ngozi. Dawa yake ni krimu ya kuua fangasi, mfano klotrimazoli, ambayo ni dawa ya kawaida na si ya bei kubwa. Nilichonunua mimi kilikuwa na klobetasoli, ambayo ni steroidi, na tena katika steroidi za kupaka hiyo ni miongoni mwa zenye nguvu kabisa. Steroidi inatuliza uvimbe na muwasho. Lakini inatuliza kwa kuwalaza askari wa mwili walioko kwenye ngozi. Fangasi akabaki peke yake shambani, anakula anavyotaka, wala hakuna anayepiga kelele. Madaktari wa ngozi wanaijua sana hali hii: choa kilichopakwa steroidi kinabadilika sura mpaka hata mtaalamu anaweza kukipotea. Kwa hiyo ile furaha ya wiki mbili haikuwa kupona. Nilikuwa nimezima taa ili nisimwone mwizi.

Sasa nafika kwenye maoni yangu. Kila mara mada ya krimu ikija hapa kambini, tunahubiriwa mahubiri ya aina moja: wasichana jivunieni rangi yenu, acheni kujichubua, mnataka kufanana na wazungu. Mahubiri hayo nimeyasikia kanisani, shuleni, na kwenye semina za mashirika. Sisemi ni ya uongo. Wapo wanaojichubua kwa sababu wameambiwa mweupe ndo mzuri, na wavulana wapo pia, tusidanganyane. Ila nimeuliza nyumba nyingi za hapa kwetu tyubu ya kwanza ilinunuliwa kwa sababu gani. Majibu mengi yanafanana. Mtoto alikuwa anajikuna. Mama alikuwa na madoa baada ya kujifungua. Kaka alitokwa vipele shingoni baada ya kunyolewa. Krimu iliingia kwa mlango wa muwasho. Weupe ulikuja baadaye, kama nyongeza, na ndo ukamfunga mtu.

Kama ni hivyo, basi mahubiri peke yake hayatoshi. Mtu anayewashwa usiku kucha humwambii ajivunie rangi yake. Unampa dawa inayofaa. Na kama sisi na mashirika hatumpi, muuza krimu yupo, anafungua saa moja asubuhi, hana foleni, na anaongea lugha yetu. Tumemwachia kazi ya daktari.

Najua jibu la wengi. Watasema: ndugu, mgao wa chakula umepunguzwa tena na tena, watu wanalala njaa, wewe unatuletea habari za ngozi na kucha? Mimi pia nalala njaa siku zingine. Lakini sikilizeni hili. Ngozi ndiyo ukuta wa nyumba ya mwili. Chukua upele, ule wa kujikuna usiku. Mtoto anajikuna mpaka anatoboka. Kwenye vile vidonda vinaingia bakteria. Bakteria wengine wa namna hiyo wanaweza kusababisha ugonjwa wa figo. Kwa hiyo "ngozi tu" inaweza kuishia kwenye figo. Halafu mtoto asiyelala hasomi, na mama asiyelala kesho yake halimi. Hicho nacho ni chakula kimepotea, sindiyo?

Wakubwa wa dunia wenyewe wamekubali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, na linakadiria kwamba wakati wowote ule zaidi ya watu milioni 200 duniani wanao. Mwezi Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani kule Geneva ulipitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi ni jambo la kupewa kipaumbele. Sasa kama Geneva wanaona, sisi tunaolala sita kwenye mkeka mmoja tusione?

Tuongee basi mambo yenyewe, moja moja, kama nilivyoelezwa na wanaojua.

Upele kwanza. Unaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayechimba njia chini ya ngozi na kutaga mayai. Anapenda katikati ya vidole, kwenye viwiko, kwapani, kiunoni, matiti na sehemu za siri. Usiku ndo anawasha zaidi. Siyo uchafu wa mtu, ni kubanana. Hata anayeoga mara mbili kwa siku anaupata akilala na mwenye nao. Na hapa ndo tunapokosea: kwa mtu ambaye ni mara yake ya kwanza, muwasho unaweza kuchukua wiki 4 mpaka 6 kuanza. Yaani unaye mdudu, unamgawa, na hujui. Kwa hiyo ukimtibu mtoto mmoja anayejikuna ukawaacha wengine watano, umetupa dawa. Watu wote wa nyumba wanatibiwa siku moja, hata asiyewashwa. Dawa ya maji meupe, benzili benzoeti, au krimu ya permetrini, inapakwa mwili mzima kuanzia shingoni kushuka, mpaka chini ya kucha na katikati ya vidole. Siyo pale panapowasha tu. Kwa watoto wachanga na mama wajawazito uliza musawo kwanza namna ya kupaka. Kuna na vidonge vya ivermektini, ila hivyo havipewi mjamzito wala mtoto aliye chini ya kilo 15. Siku hiyo hiyo nguo na mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki moja, mdudu atakufa kwa kukosa mtu. Kisha dawa inarudiwa baada ya wiki moja au mbili kama ulivyoelekezwa. Na usishangae kuwashwa wiki mbili tatu zaidi hata kama wadudu wamekufa. Ngozi bado inakumbuka. Wengi wanapofika hapo wanasema dawa imeshindwa, wanakimbilia tyubu ya sokoni.

Pili, tyubu zenyewe. Mimi sasa nikishika yoyote naigeuza nyuma. Kuna maneno ya kutafuta, na yameandikwa kwa herufi za kizungu, kwa hiyo yakariri yalivyo. Ukiona "clobetasol" au "betamethasone", hiyo ni steroidi. Ni dawa ya kweli, daktari anaweza kukupa kwa muda mfupi kwa ugonjwa fulani, lakini siyo mafuta ya kupaka kila siku. Ukiona "hydroquinone", hiyo inazuia ngozi kutengeneza rangi. Ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi inaweza kuleta madoa ya bluu na meusi ambayo hayatoki, yaani ulitafuta weupe ukapata giza zaidi. Ukiona "mercury", "mercurous chloride", "mercuric" au "calomel", hiyo ni zebaki. Zebaki ni sumu. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, inafika kwa mtoto aliye tumboni, na inabaki kwenye taulo na mashuka ya nyumba nzima. Chini ya Mkataba wa Minamata nchi zilikubaliana kuziondoa sokoni krimu zenye zebaki, na mwaka 2023 zikakaza zaidi: mwisho wa kuzitengeneza na kuziuza kati ya nchi na nchi uwe 2025, bila kuruhusu hata kiwango kidogo. Na ukiona kopo halina maandishi kabisa, au ni mkorogo uliochanganywa nyuma ya duka ukawekwa kwenye kikopo cha zamani, hilo ndo baya kuliko yote maana huna cha kusoma.

Neno moja la tahadhari kwa aliyekwisha zoea: kama umepaka steroidi miezi mingi, usiitupe leo kwa hasira baada ya kunisoma. Nenda kwa musawo na tyubu yako mkononi. Kuacha ghafla kunaweza kuwasha uso moto kama alivyowaka mdogo wangu, na mwili uliozoea dozi kubwa unaweza kuhitaji kupunguziwa polepole. Usione haya. Tyubu ndo ushahidi utakaomsaidia kukutibu.

Tatu, nywele. Watoto wengi hapa wana mashilingi kichwani, yale mapunye ya mviringo ambapo nywele zinakatika. Huo nao ni fangasi, lakini ameingia ndani ya unywele, kwa hiyo krimu ya juu haimfikii. Mtoto anahitaji vidonge, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 mpaka 8, na anayekatiza wiki ya pili kwa sababu nywele zimeanza kuota atairudia. Msimpake mafuta ya betri wala majivu. Nimeona mambo hayo kwa macho yangu.

Kwa vinyozi, na wengi wenu ni rafiki zangu: mashine moja inapita vichwa thelathini kwa siku. Ipige brashi, uisafishe kwa spiriti kati ya mtu na mtu, wembe usitumike mara ya pili. Kijana anayetokwa vipele vigumu kisogoni baada ya kunyolewa asiendelee kunyolewa chini kabisa mpaka ngozi. Avitibu mapema, maana vikizoea vinageuka makovu yaliyovimba. Kwa akina dada: msuko unaouma siyo msuko mzuri. Tunasema "vumilia, ndo urembo." Lakini nywele za pembeni zikivutwa mwezi baada ya mwezi zinang'oka, na mizizi ikishakuwa kovu hazirudi tena. Ukiona vipele vidogo kwenye paji la uso au huwezi kulala kwa maumivu, fumua. Pumzisha nywele wiki kadhaa kabla ya kusuka tena.

Nne, kucha. Wanaopaka rangi za kucha sokoni wanasukuma na kukata ile ngozi laini ya mzizi wa kucha. Hiyo ngozi ni mlango. Ukiukata, maji na vijidudu vinaingia, kidole kinavimba usaha. Iache. Na kama vyombo havikusafishwa, njoo na vyako. Kwa wanaofua na kuosha vyombo kutwa, kaushieni mikono vizuri, kucha inayolowa siku nzima inaoza pembeni. Funza nao wapo kwenye vumbi la msimu wa kiangazi. Msiwachimbe kwa pini moja nyumba nzima. Pini hiyo inahamisha magonjwa ya damu. Na kidonda cha funza ni mlango wa pepopunda, kwa hiyo mwulize musawo habari za chanjo.

Kuna jambo moja la kucha ambalo wengi hatulijui. Sisi watu weusi ni kawaida kuwa na mistari ya kahawia kwenye kucha, tena zaidi ya moja, na haina shida. Lakini mstari mmoja mpya, unaozidi kupanuka, au unaoingia mpaka kwenye ngozi ya pembeni, uonyeshe. Bob Marley tunamjua wote. Mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na mwaka 1981 ikamuua akiwa na miaka 36. Saratani hiyo ni nadra, sitaki mtu alale na hofu. Nataka tu ujue kwamba ngozi nyeusi siyo ngao ya kila kitu.

Na kuna alama ambazo hazisubiri. Doa lililopauka au jekundu-jekundu, ambalo ukiligusa kwa unyoya au pamba husikii kitu, linaweza kuwa ukoma. Ukoma unapona kabisa, dawa zake hutolewa bure, na aliyeanza dawa haambukizi wengine. Anayeficha ndo anapoteza vidole. Vipele vyenye maji pamoja na homa na tezi kuvimba, hasa baada ya mpox kuenea Kongo na kuvuka mipaka mwaka 2024, siyo vya kupaka krimu; ni vya kwenda kituoni siku hiyo hiyo bila kuchanganyika na watu. Na ndugu zetu wenye ualbino, kwao kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ni dawa kama vile insulini ilivyo kwa mwenye kisukari. Tusiwaone wanaomba vipodozi.

Kwa wengine wote utunzaji ni rahisi na hauhitaji pesa nyingi. Oga kwa maji yasiyo ya moto sana, sabuni ya kawaida isiyo kali, usisugue kwa jiwe. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Hayo ya kopo la bei ndogo yanatosha. Madaktari wa ngozi wenyewe wanayasifu. Usipake dawa ya mtu mwingine. Usipake dawa ya meno usoni. Basi.

Sasa niwageukie nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma. Nawaheshimu, wengi wenu mnachoka kama sisi. Lakini nina maombi, na siyo ya kuota.

La kwanza: mtibu nyumba, siyo mtu. Kama kadi ya familia ina watu saba na mmoja ana upele, toeni dawa ya watu saba, pamoja na sabuni. Chupa moja kwa familia ya saba ni dawa iliyomwagwa chini. Inaonekana kama kubana matumizi, halafu mwezi ujao familia ile ile inarudi kwenye foleni.

La pili: mtuletee mtu anayejua kusoma ngozi, hata siku moja kwa mwezi. Najua madaktari wa ngozi ni wachache Afrika nzima. Lakini njia ipo na imeshajaribiwa. Kule Moshi, Tanzania, tangu 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, ambacho huchukua matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za Afrika na kuwafanya maafisa wa ngozi. Pale pale hutengenezwa losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Na hapa jirani yetu, Mbarara, kuna chuo kikuu kinachosomesha madaktari wa ngozi. Sisi hatuombi hospitali mpya. Tunaomba barabara kati ya Mbarara na kambi itumike pande zote mbili. Na anayekuja awe amezoea ngozi nyeusi, kwa sababu kwenye vitabu vingi picha ni za ngozi nyeupe. Ukitafuta wekundu kwangu hutauona. Kwangu uvimbe unaonekana zambarau, kijivu au mweusi zaidi.

La tatu: pale ambapo mtaalamu hawezi kufika, picha inaweza kufika. Wahudumu wa afya wa vijiji wana simu. Picha ya mchana, moja ya mbali na moja ya karibu, kwa ruhusa ya mgonjwa, ikitumwa kwa mtaalamu aliyeko mjini inaweza kuokoa shavu kama la mdogo wangu. Lakini iwe ni picha ya mgonjwa na daktari wake tu. Nimeona watu wakituma picha za ngozi za wenzao kwenye magrupu wakicheka. Hiyo siyo afya, ni fedheha.

La nne: msije kuchoma krimu sokoni peke yake. Rwanda mwishoni mwa 2018 ilianza msako mkali, polisi wakaingia madukani kukusanya mafuta ya kujichubua, na serikali ilikuwa na haki ya kulinda watu wake. Ila hapa kambini nahofia mkikamata bila kutoa kitu badala yake, biashara itaingia chini ya meza, na bei itapanda, na muwasho utabaki pale pale. Yule aliyeniuzia ni mkimbizi kama mimi. Sidhani kama na yeye alikuwa ameisoma tyubu ile. Mwiteni, mfundisheni maneno yale niliyoyaandika juu, mwonyesheni ni nini anaweza kuuza bila kuua mtu. Kisha akirudia, hapo sheria ifuate.

Na sisi vijana, tusisubiri semina. Katika kikundi chetu nimependekeza kitu kidogo: kila Jumamosi mtu alete tyubu moja ya nyumbani kwao, tuigeuze nyuma, tuisome kwa sauti pamoja na dada mmoja anayefanya kazi kituoni. Hakuna kumcheka aliyeileta. Wiki ya kwanza zilikuja kumi na moja. Tano zilikuwa na steroidi. Moja haikuwa na maandishi kabisa, na iliyekuwa inapakwa ilikuwa makalio ya mtoto mchanga.

Mdogo wangu alipewa dawa ya kuua fangasi ya kumeza na ya kupaka, akaambiwa asipake kingine ila mafuta ya mgando, na kofia akitoka juani. Ilichukua miezi. Vipele viliondoka, kuwaka kumeisha, amerudi shule. Shavu la kulia bado lina kivuli, na musawo alituambia kweli: kinaweza kufifia, kinaweza kubaki. Yeye mwenyewe ameshaacha kujifunika kitambaa. Mimi ndo bado naona haya nikimtazama, kwa sababu elfu nne ile ilitoka mfukoni mwangu, na kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

Kwa hiyo ndugu yangu, mtoto wa nyumbani kwako akianza kujikuna, hiyo saa moja na nusu itembee. Na wewe uliye ofisini, hakikisha akifika anakuta dawa.